Ukweli Kando ya Kitanda cha Mgonjwa

Wengi wetu hatutakufa ghafla. Kwa takwimu za Shirika la Afya Duniani, karibu vifo vitatu kati ya kila vinne duniani hutokana na magonjwa yasiyoambukiza, yaani maradhi ya moyo, saratani, kisukari, magonjwa sugu ya mapafu na mengine ya jinsi hiyo, na mengi kati ya hayo humchukua mtu polepole, kwa miezi au miaka, yakimpa vipindi vya nafuu na vipindi vya kuzidiwa. Kwa hiyo walio wengi hupewa taarifa kabla mauti hayajafika. Sitajadili hapa kwa nini tunakufa, wala kinachofuata baada ya kufa, kwa kuwa mambo hayo yana wenyewe wanaoyajua kuliko mimi. Ninalotaka kulijadili ni kile kinachotokea baina ya siku taarifa inapofika na siku mtu anapokata roho, na hasa ni nani anayeambiwa na nani anayefichwa.

Msimamo wangu ni kwamba kufa vema ni kazi, na kazi hiyo hufanywa mtu akiwa bado ana nguvu za kusema na akili ya kuamua. Inahitaji muda, inahitaji watu, na zaidi ya yote inahitaji mwenye kufa ajue kwamba anakufa. Kinachoizuia mara nyingi, kuliko hata maumivu na woga, ni uongo ambao ndugu na marafiki humwambia mgonjwa kwa nia njema kabisa.

Mjomba wangu, ndugu wa mama, aliugua saratani ya ini nilipokuwa kijana. Kabla hajatoka hospitalini wakubwa wa familia walikubaliana aambiwe kwamba ana vidonda vya tumbo. Sisi vijana tulionywa tusilie mbele yake, tusinong'one mlangoni, na tukiulizwa tuseme dawa zinafanya kazi. Macho yake yalikuwa yamegeuka manjano, tumbo limejaa maji, mikono imebaki mifupa, nasi kila tukiingia chumbani tunamwambia kwamba leo ana nafuu kuliko jana. Alasiri moja, nilipokuwa nikimwekea mito vizuri, aliniambia niingize mkono chini ya godoro, upande wa ukutani. Nikatoa bahasha iliyokunjwa mara mbili, na ndani yake mlikuwa na nakala ya majibu ya vipimo vyake. Neno saratani lilikuwa limepigiwa mstari kwa kalamu ya wino, mstari mnyoofu, wa mkono usiotetemeka. "Irudishe pale pale, mwanangu," akasema. "Na mama yako usimwambie kwamba ninajua. Ataumia."

Basi mambo yakaendelea hivyo hadi mwisho. Yeye alituficha sisi, nasi tukamficha yeye. Mwaka 1965 wanasosholojia wawili wa Marekani, Barney Glaser na Anselm Strauss, walichapisha matokeo ya uchunguzi waliofanya katika hospitali za eneo la San Francisco kuhusu nani hujua nini pale mtu anapokaribia kufa. Walieleza hali nne. Kuna hali ambayo mgonjwa hajui ilhali wengine wote wanajua. Kuna hali ambayo mgonjwa anashuku na kujaribu kupeleleza. Kuna hali ambayo pande zote mbili zinajua lakini kila upande unajifanya haujui. Na kuna hali ya uwazi, ambayo wote wanajua na wanazungumza. Niliposoma maelezo ya ile hali ya tatu nilikiona chumba cha mjomba. Watafiti hao walionyesha pia jinsi hali hiyo inavyochosha, maana kila mmoja hulazimika kuchunga uso wake, kuchagua mada zisizo na hatari, na kugeuza mazungumzo haraka kila yanapokaribia jambo lenyewe.

Hasara ilikuwa kubwa kuliko uchovu huo. Mjomba alikuwa na kaka ambaye hawakuwa wakisalimiana kwa muda mrefu kwa sababu ya ugomvi wa mali. Kaka huyo alikuja kumtazama mara nyingi katika ugonjwa wake. Alikaa kwenye kiti kile kile, akazungumza habari za hali ya hewa na habari za redioni, kisha akaaga. Wote wawili walijua kwamba nafasi inapita. Lakini kuomba radhi kungekuwa kukiri kwamba mmoja wao anaondoka, na kukiri huko kulikuwa kumekatazwa katika nyumba ile. Wazee wetu walisema mficha maradhi kifo humuumbua, na sisi tumezoea kulitumia neno hilo kumwonya mgonjwa anayeficha ugonjwa wake. Katika nyumba nyingi nilizoingia baadaye wanaostahili kuonywa ni ndugu waliosimama kuzunguka kitanda.

Wanaotetea ukimya husema kwamba ukweli humkatisha mgonjwa tamaa na kumharakishia kifo. Hoja hiyo siidharau, kwa kuwa inatoka katika upendo. Mwaka 2010 madaktari wa Massachusetts General Hospital mjini Boston, wakiongozwa na Jennifer Temel, walichapisha utafiti wao juu ya wagonjwa 151 wenye saratani ya mapafu iliyokwisha kusambaa. Nusu yao walipewa matibabu ya kawaida ya saratani peke yake. Nusu nyingine walipewa matibabu hayo hayo pamoja na tiba shufaa tangu mwanzo, yaani huduma inayoshughulikia maumivu, hofu na maamuzi ya mgonjwa, na ambayo sehemu yake kubwa ni mazungumzo ya wazi kuhusu ugonjwa unakokwenda. Kundi la pili lilikuwa na hali bora ya maisha na watu wachache zaidi wenye sonona, na ingawa wengi zaidi katika kundi hilo hawakupewa matibabu makali karibu na kufa, waliishi kwa wastani wa kati wa miezi 11.6, wakati wale wa kundi la kwanza waliishi miezi 8.9. Utafiti ule haukupima ukweli peke yake, na sitaki kuubebesha zaidi ya ulichobeba. Lakini unatosha kuiondoa ile imani kwamba mtu akizungumza kifo chake basi amekiita.

Naongeza jambo moja ambalo ni la haki. Kusema kweli si kummwagia mtu habari zote kwa mara moja, akitaka asitake. Wapo wagonjwa ambao kwa hiari yao hawataki kujua, na hiari hiyo ni yao. Anayejali huanza kwa kuuliza: ungependa kuelezwa kiasi gani, na ungependa nani awepo? Mgonjwa akijibu kwamba mwanawe mkubwa aelezwe badala yake, basi amekwisha kuamua, na uamuzi wake uheshimiwe. Ninalolikataa ni familia kuamua kwa niaba ya mtu mzima mwenye akili timamu, tena bila kumuuliza, kwamba hana haki ya kujua habari za mwili wake mwenyewe.

Madaktari nao wana sehemu yao. Mwaka 2000 Nicholas Christakis na Elizabeth Lamont walichapisha utafiti uliofanyika katika hospisi za Chicago, yaani huduma za kuwatunza watu wanaokaribia kufa, ambamo madaktari walitakiwa kukadiria muda uliobaki kwa wagonjwa 468 mahututi. Ni makadirio 20 tu katika kila 100 yaliyokaribia ukweli. Mengi ya yaliyokosea yalikosea kwa kuzidisha, na kwa jumla madaktari walikadiria muda mrefu mara tano hivi ya ule ambao wagonjwa waliishi. Tena daktari alivyomjua mgonjwa kwa muda mrefu zaidi ndivyo makadirio yake yalivyozidi kukosea. Jambo hilo linanigusa sana, kwa sababu linaonyesha kwamba upendo humpofusha hata mtaalamu. Kwa hiyo ninapoombwa ushauri na mtu mwenye mgonjwa, humwambia asimbane daktari ataje tarehe. Amuulize kama wanazungumzia miaka, miezi, wiki au siku. Au amuulize swali ambalo wahudumu wa tiba shufaa wamelizoea: je, daktari, utashangaa ukisikia kwamba mgonjwa huyu amefariki kabla ya mwaka kwisha? Kwangu, jibu la swali hilo lina manufaa kuliko tarakimu.

Baba yangu alikuwa na moyo uliokuwa ukishindwa kazi, ugonjwa ambao humpandisha na kumshusha mtu mara nyingi hata ndugu wakadhani kwamba kila kushuka kutafuatwa na kupanda. Tulipofika tena kwa daktari, baada ya kulazwa kusikokwisha, daktari yule hakuanza na majibu ya vipimo. Alivuta kiti akaketi, macho yake yakawa sawa na ya baba, akauliza: "Mzee, wewe mwenyewe unauelewaje ugonjwa wako?" Baba akajibu kwamba anaelewa unamshinda. Daktari akasema, "Hata mimi ndivyo ninavyoona." Kisha akanyamaza, na ukimya wake ulikuwa wa mtu aliye tayari kusubiri. Baba akauliza kama ni miaka. Daktari akasema hapana, ni miezi, na huenda ikawa michache. Baba alitazama mikono yake kwa muda, akauliza kama ataruhusiwa kulala kwenye kitanda chake mwenyewe, au ni lazima afie hospitalini. Wengine wangeanza na maswali makubwa zaidi. Yeye alianza na kitanda, na kutokana na swali hilo tukapata la kupanga.

Tangu siku hiyo nyumba yetu ilibadilika. Siwezi kusema kwamba tulikuwa na furaha. Tulilia, tena baba akiona, na mara nyingine yeye mwenyewe alilia. Lakini mambo yalisemwa. Alimwita dada yangu mdogo akamwambia kwamba alimkosea alipomlazimisha kuacha masomo, jambo ambalo hakuna aliyewahi kulitaja. Alinieleza hati ziko wapi, nani anamdai na nani anadaiwa naye. Aliandika wosia upya mbele ya mashahidi, akaeleza sababu za kila alichokiamua, hata wale waliopata kidogo wakajua kwa nini. Hakupatana na kila mtu. Rafiki yake mmoja wa zamani aliitwa akakataa kuja, na baba akaondoka na uchungu huo. Nalitaja hilo kwa sababu maandishi mengi kuhusu kufa vema hufanya ionekane kama kila kitu hufungika vizuri, na mtu ambaye mambo yake hayakufungika anaweza kudhani ameshindwa kufa. Hakushindwa. Alifanya kazi iliyokuwa ndani ya uwezo wake, na mlango wa rafiki yake haukuwa ndani ya uwezo huo.

Wakati huo nilianza kusoma kwa bidii yale ambayo watu wa zamani waliandika kuhusu jambo hili. Katika karne ya 15, Ulaya ikiwa imekwisha kupitia tauni kubwa iliyofyeka watu wengi kiasi kwamba mapadri hawakuweza kukifikia kila kitanda, vilienea vijitabu vya kufundisha sanaa ya kufa. Vilitaja majaribu matano yanayomkabili mtu anayekufa: kupoteza imani, kukata tamaa, kukosa subira, kujivuna na kung'ang'ania mali. Viliandika pia maswali ambayo rafiki aliyeketi kando ya kitanda angemuuliza mwenye kufa. Sijali sana kama orodha ile inamfaa kila mtu. Kilichonishika ni kwamba vijitabu vile vilichukulia kuwa mgonjwa anajua, rafiki anajua, na wote wawili wana kazi ya kufanya pamoja kabla usiku haujaingia. Mtunga Zaburi aliyeomba, "Utujulishe kuzihesabu siku zetu, tujipatie moyo wa hekima," aliomba kujulishwa. Na Waislamu wanaokumbushana kwamba kila nafsi itaonja mauti hawakumbushani ili watishane, bali ili mtu asikutwe hajajiandaa.

Nijuavyo, ukweli bila tiba ya maumivu ni ukatili. Mtu anayelia kwa maumivu hawezi kusamehe, hawezi kuaga, hawezi hata kusali vizuri. Aliyelielewa hilo mapema kuliko wengi ni Cicely Saunders wa Uingereza, aliyeanza kama muuguzi, akawa mfanyakazi wa ustawi wa jamii hospitalini, kisha akasomea udaktari, na mwaka 1967 akafungua hospisi ya St Christopher's jijini London. Alifundisha kwamba maumivu ya anayekufa yana pande nne: ya mwili, ya nafsi, ya mahusiano na watu, na ya roho, na kwamba ukitibu upande mmoja ukaiacha mingine bado mgonjwa atasema anaumwa. Alifundisha pia kwamba dawa ya maumivu itolewe kwa saa zake, kabla maumivu hayajarudi, wala mgonjwa asingojewe mpaka apige kelele ndipo apewe.

Watu wengi bado wanaiogopa mofini, dawa kali ya kutuliza maumivu. Wanadhani itamgeuza mgonjwa kuwa mraibu, au kwamba ndiyo inayoua. Ikitolewa kwa kipimo kinachofaa na kuongezwa taratibu kadiri ya maumivu, haimwui mgonjwa, na hofu ya uraibu kwa mtu mwenye wiki chache za kuishi ni hofu isiyo na mahali. Uhaba wake ndio unaopaswa kutusumbua. Tume ya jarida la kitabibu la The Lancet ilieleza mwaka 2017 kwamba katika tani 298.5 za dawa za jamii ya mofini zilizokuwa zikisambazwa duniani kwa mwaka, nchi za kipato cha chini zilipata tani 0.1 tu. Shirika la Afya Duniani nalo linakadiria kwamba ni takriban asilimia 14 ya wanaohitaji tiba shufaa ndio wanaoipata. Umaskini peke yake hautoshi kuwa sababu. Daktari Anne Merriman alianzisha Hospice Africa Uganda mwaka 1993 kwa mofini ya maji inayonywewa, dawa ya gharama ndogo ambayo ndugu wa mgonjwa wanaweza kumpa nyumbani, na baadaye Uganda ikawaruhusu wauguzi waliopata mafunzo maalumu kuiandika. Palipo na nia, mambo yamewezekana.

Sasa niseme habari za mwili wenyewe, kwa sababu naamini nusu ya hofu yetu inatokana na kutoona. Muuguzi wa tiba shufaa aliyekuwa akija nyumbani alitukusanya siku moja, baba akiwa amelala, akatueleza hatua kwa hatua tutakayoyaona. Nitayaandika kama nilivyoyaelewa na kama nilivyoyaona baadaye kwa macho yangu.

Mtu anayekufa polepole huanza kulala zaidi na kuamka kidogo. Hamu ya chakula huisha, kisha hamu ya maji. Hapo ndipo familia huingiwa na hofu na kuanza kumlazimisha mgonjwa kula, kwa kudhani kwamba anakufa kwa sababu hali chakula. Mara nyingi ni kinyume chake: hali chakula kwa sababu anakufa, na mwili wake hauwezi tena kukitumia. Dripu za maji katika siku za mwisho mara nyingi hazimpi nguvu, na zinaweza kumjaza maji kwenye mapafu na miguu. Linalomsaidia ni kulowanishwa midomo kwa pamba yenye maji, na kupakwa mafuta ili isipasuke. Nililifanya hilo kwa baba mara nyingi, na midomo yake ilikuwa ikiisogelea ile pamba hata alipokuwa hafumbui macho.

Baadaye miguu na mikono hupoa, na kwenye magoti na nyayo huanza kutokea mabaka ya rangi ya zambarau, kwa sababu moyo umedhoofika na damu haifiki vizuri pembezoni. Pumzi hubadilika. Huja kwa kasi na kwa kina, kisha hupungua taratibu, kisha husimama kabisa kwa sekunde nyingi kiasi kwamba waliopo huanza kutazamana, halafu huanza tena. Madaktari huuita mpumuo huo kwa majina ya John Cheyne, aliyeueleza mwaka 1818, na William Stokes, aliyeueleza mwaka 1854. Hutokea pale ubongo unapochelewa kuitikia kiasi cha kaboni dayoksaidi katika damu. Kujua kwamba jambo lina jina na kwamba limeonekana kwa watu wasiohesabika kulitutuliza kuliko maneno yoyote ya faraja. Mara nyingi husikika pia mkoromo mzito kooni, kwa kuwa mgonjwa hawezi tena kumeza mate wala kukohoa. Sauti hiyo huwatesa wanaoisikia. Kwa kawaida mgonjwa mwenyewe wakati huo hana habari nayo, na kumgeuza alale ubavu mara nyingi huipunguza.

Muuguzi alisisitiza kwamba tuendelee kuzungumza na baba hata akiwa haitiki. Mwaka 2020 watafiti wa Chuo Kikuu cha British Columbia nchini Kanada walichapisha vipimo vya umeme wa ubongo vya wagonjwa wa hospisi waliokuwa hawaitiki tena, wakaonyesha kwamba ubongo wa baadhi yao ulikuwa bado unaitikia mabadiliko ya sauti katika saa zao za mwisho. Hakuna anayeweza kusema waliyaelewa waliyoyasikia. Lakini matokeo hayo yanatosha kutufanya tuchunge maneno yetu na tusigombanie mirathi juu ya kichwa cha mtu tunayedhani hasikii.

Mambo hayo yalipotokea, kaka yangu, ambaye alikuwa amesema mara nyingi kwamba hataruhusu baba afie nyumbani, alisimama na simu mkononi tayari kuita gari la wagonjwa. Mpumuo ukasimama, ukarudi. Akanitazama akasema, "Ndiyo hii aliyotuambia?" Nikamwambia ndiyo hii. Akaiweka simu mezani, akaketi, akaushika mguu wa baba juu ya shuka. Maelezo ya dakika chache, yaliyotolewa siku nyingi kabla, ndiyo yaliyomwezesha kaka yangu kuketi.

Kama angeipiga simu ile, pengine baba angefanyiwa jambo ambalo alikuwa amelikataa. Kubonyeza kifua ili kuurudisha moyo kulielezwa na watafiti wa hospitali ya Johns Hopkins nchini Marekani mwaka 1960, na ni jambo jema sana kwa mtu ambaye moyo wake umesimama ghafla ilhali mwili uliobaki una uwezo wa kuendelea. Kwa mtu ambaye moyo umesimama kwa sababu mwili wote umefika mwisho, mara chache sana humrudisha, na mara nyingi humvunja mbavu na kumfanya afe katikati ya vurugu za watu asiowajua, huku wanawe wakiwa wamesukumwa nje ya mlango. Mtu mwenye ugonjwa usiopona anastahili kuulizwa mapema kama anataka jambo hilo, kama anataka mashine ya kupumulia, na kama anataka kurudishwa hospitalini hali ikibadilika. Akiulizwa akiwa na pumzi, majibu yanakuwa yake. Asipoulizwa, wataulizwa watoto wake usiku wa manane, kila mmoja na hofu yake, na watakayoyaamua watayabeba miaka mingi.

Kuhusu zile hatua tano zinazotajwa kila mahali, yaani kukana, kukasirika, kubembeleza, kuhuzunika na kukubali, ambazo daktari Elisabeth Kübler-Ross alizieleza mwaka 1969 baada ya kuzungumza na wagonjwa waliokuwa wakifa, nitasema machache. Alifanya jambo kubwa kwa kwenda kuketi na watu ambao madaktari wengi walikuwa wakiwapita haraka. Lakini hatua zake si ngazi, na mwenyewe baadaye alieleza kwamba hazikukusudiwa kuzipanga hisia za watu kwa unadhifu. Baba yangu aliweza kukubali asubuhi na kukasirika jioni. Mgonjwa asipimwe kama mwanafunzi, kwamba amefika hatua ya ngapi.

Nami si mgonjwa, ila nimeamua kutosubiri niugue. Nimeandika barua ambayo inakaa mahali wanangu wanapopajua. Nimeeleza kwamba nikiugua ugonjwa usiopona nataka kuambiwa mimi kabla ya wao. Kwamba nipewe dawa ya maumivu hata kama itanifanya nisinzie. Kwamba mashine isiniweke hai pale ambapo madaktari wamekubaliana sitarudi. Na kwamba kama nitakuwa nimepoteza akili, binti yangu mkubwa ndiye atakayesema kwa niaba yangu, na wenzake wamsikilize. Kuiandika kulikuwa rahisi. Kumsomea binti yangu ndiko kulikokuwa kazi. Alinikatiza mara ya kwanza akasema, "Baba, tuyaache hayo, bado una nguvu." Nilimjibu kwamba ni kwa sababu bado nina nguvu. Akaniuliza itakuwaje mdogo wake akipinga, akauliza kama nitamlaumu akiamua vibaya. Nilimwambia kwamba akiamua kwa kufuata barua hii hatakuwa ameamua yeye, nitakuwa nimeamua mimi, na nikaiandika sentensi hiyo mwishoni mwa barua mbele yake ili aweze kuwaonyesha wenzake. Aliomba muda wa kufikiri. Aliporudi alikubali, kwa sharti kwamba nami nikae nisikilize ya kwake, kwa kuwa hakuna aliyemhakikishia kwamba yeye ndiye atakayenizika. Tulianza jioni hiyo hiyo, na yeye mwenyewe ndiye aliyeshika kalamu.